Haya, Nimekufa, Anza

Twaha,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za sabuni, za kufunga sanduku kwa kamba mbili, na za kutovua viatu ukilala melini kwenda Mwanza. Bibi yako huko ulikokwenda kumuaga atakuongezea mengine, na ukirudi jioni utakuwa na maagizo ya kutosha kujaza lori. Mimi hayo siyagusi. Nimekaa hapa nyuma ya nyumba kando ya mkeka wa kahawa, jua bado lipo, nimemnyang'anya mdogo wako daftari na kuchana karatasi za katikati. Akilalamika, mwambie baba anaandika jambo kubwa.

Mwandiko usikushangaze. Niliishia darasa la sita, lakini hilo la sita nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukijumlisha nimefika la saba. Na wakati wangu hakuna mtu Kimuli nzima aliyekuwa na herufi nzuri kama zangu. Wasichana walikuwa wananiletea barua za wenzangu niwasomee, halafu wananiomba mimi ndiye niandike majibu. Mama yako atakwambia si kweli. Mama yako alikuwa anaishi Songambele, hajui kilichokuwa kinatendeka huku.

Nina swali nataka kukuuliza. Nami niliulizwa nikiwa na umri kama wako, na mpaka leo sina hakika kama nimelijibu.

Aliyeniuliza ni Mwalimu Sudi. Wewe hukumkuta. Ndiye aliyekuwa anatusalisha hapa, zile nyumba zetu saba za Waislamu katikati ya Walutheri na Wakatoliki, na muda uliobaki alikuwa fundi baiskeli. Kibanda chake kilikuwa pale ilipo mashine ya kukoboa sasa. Alikuwa anafundisha Kurani huku anatafuta pancha kwenye beseni la maji. Ukikosea herufi hakupigi. Anazamisha mpira, mapovu yakipanda anakutazama: "Umeona? Na wewe hapo ndipo unapovujia."

Mwaka ule vita vilipokwisha nilikuwa na miaka kumi na saba na baiskeli yenye kengele mbili. Mbili, Twaha. Moja ya kuwatahadharisha watu, nyingine ya kuwajulisha ni nani anayepita. Kwenye kinga ya tope ya nyuma nilikuwa nimeandika kwa rangi nyekundu NIACHIENI NIPITE. Nilikuwa nabeba mikungu minne ya ndizi kwenye kilima kile cha kwenda gulioni bila kushuka. Leo vijana wanabeba miwili na wanasukuma.

Basi siku moja nimepeleka baiskeli izibwe pancha, Mwalimu akaniambia, "Idrisa, wewe si unajua kila kitu?"

"Karibu kila kitu, Mwalimu."

"Mtume wetu ametufundisha kwamba siku ya hukumu mtu hataondoka mahali pake mpaka aulizwe. Ataulizwa umri wake aliumaliza katika nini. Ataulizwa ujana wake aliuchakaza katika nini. Halafu mali yake, halafu elimu yake. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa niambie. Ujana si umo humo humo ndani ya umri? Ukishaulizwa umri wote, ujana unaulizwa tena wa nini?"

Nikafikiri kidogo, nikamwambia, "Labda malaika ni wengi, kila mmoja anataka kuuliza."

Alicheka mpaka akaangusha gundi. "Astaghfirullah! Nenda ukafikiri. Ukipata jibu, pancha inayofuata nitaziba bure."

Hilo ndilo swali. Ukipenda, simama hapa kwanza, ufikiri kabla hujaendelea kusoma. Najua hutasimama. Mimi pia nisingesimama.

Sasa nikusimulie nilivyolijibu vibaya.

Mwalimu alikuwa na hofu moja, na hofu hiyo haikuwa kufa. Alikuwa anaogopa kufa akiwa peke yake ndiye anayejua kuosha maiti. Nyumba saba, na mwenye kujua ni mmoja. Mzee Yusufu, aliyekuwa akimsaidia kushika maiti, alikuwa ameanza kupoteza macho. Wengine walikuwa wanajua suratul Faatiha na mistari miwili mitatu ya kusalia, basi. Kwa hiyo akawa ananitazama mimi. Kwa nini mimi, sijui. Labda kwa sababu nilikuwa nasema sana, akadhani mtu anayesema sana hasahau.

Asubuhi moja ya Jumamosi ananiita kibandani, nakuta amefagia vizuri, ametandika mkeka katikati ya zile tairi mbovu. Kuna ndoo ya maji, kata, kitambaa, na majani ya mgomba ameyaning'iniza mlangoni kama pazia. Nikauliza, "Mwalimu, leo kuna nini?"

"Leo unajifunza kuosha. Huwezi kujifunza kwa maneno, na sitaki tungoje mpaka afe mtu." Akavua kofia, akalala chali kwenye mkeka, mikono ubavuni, akafumba macho. "Haya, nimekufa. Anza."

Twaha, mtu mzima, ndevu nyeupe, harufu ya gundi, amelala katikati ya tairi anakwambia amekufa! Nilijikaza nisicheke nikashindwa. Na siku hiyo hiyo kulikuwa na mpira Songambele, timu yetu na ya kwao, na mimi ndiye niliyekuwa navaa namba tisa. Wenzangu walikuwa wameshapita barabarani wanapiga mbinja.

Nikamwambia, "Mwalimu, hayo mambo ya wazee. Nitajifunza tu, muda upo. Nikirudi."

Hakufumbua macho. Alisema tu, "Maiti hajibu."

Nikapanda baiskeli nikaondoka. Nikapiga kengele zote mbili.

Siku hiyo nilifunga magoli mawili, moja la kichwa. Mama yako anasema nilifunga moja. Alikuwa amesimama upande wa pili, hakuona vizuri. Lakini alikuwepo, ndiyo maana ninalitaja. Alikuwa amebeba omuramba kwenye kibuyu, ile juisi tamu ya ndizi kabla haijachachushwa ikawa pombe, anawauzia watazamaji. Nikaenda kununua baada ya mpira, nikamwambia mimi ndiye namba tisa. Akasema, "Hata mimi nina macho. Kunywa, urudishe kikombe." Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Unaona sasa hapo mimi ninapokwama? Kila nikijuta kwamba nilimwacha Mwalimu amelala kwenye mkeka, nakumbuka kikombe kile. Kama ningebaki kibandani, huenda wewe usingekuwepo wa kuandikiwa. Mashekhe wanaohubiri habari za ujana nimewasikiliza wengi, wanasema mpira hivi, baiskeli vile. Sijamsikia hata mmoja akisema mtu afanye nini kama jambo alilolifanya badala ya wajibu wake lilimletea heri. Ukikutana na mwenye jibu huko Mwanza, niandikie. Nataka kujua kweli, sifanyi mzaha.

Kesho yake nikapita kibandani nimeinamisha kichwa. Mwalimu alikuwa anakaza spoki. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mmeshinda?"

"Tatu kwa moja."

"Alhamdulillah. Mimi nilikaa maiti mpaka karibu na adhuhuri. Sikuona mtu wa kunizika, nikaamua kufufuka nizibe pancha."

Hakukasirika, na hicho ndicho kilichoniharibu. Angekasirika ningejifunza hata kwa hofu. Aliniambia tena baada ya mavuno ya kahawa, nikasema ngoja tuanike. Akaniambia Ramadhani, nikasema nikifunga nguvu zinapungua. Akaniambia nilipooa, nikasema Mwalimu, bwana harusi na maiti wapi na wapi! Na huku sehemu nyingine zote najisifu. Kwenye harusi, gulioni, nawaambia watu, "Mimi Mwalimu Sudi amenifundisha mpaka kuosha maiti. Nimehitimu." Neno hilo nilikuwa nalipenda, kuhitimu. Na watu waliniamini, maana nilikuwa nina kanzu nzuri na sauti.

Kila mwaka nilikuwa naona mikono yake inazidi kutetemeka. Pancha zikawa zinavuja tena siku ya pili. Nilikuwa nacheka, nasema Mwalimu anatengeneza kazi ya kesho.

Akafa asubuhi, msimu wa kuchuma kahawa, wewe ukiwa tumboni mwa mama yako.

Watu wakaja kama wanavyokuja hapa kwetu, hakuna aliyeuliza marehemu alikuwa wa dini gani. Walutheri wakaleta kuni na mikungu, Wakatoliki wakaanza kuchimba kaburi, vijana wale vibarua kutoka Burundi wakaenda mtoni kuteka maji. Tukatuma mtu kwa baiskeli amwite shekhe wa Songambele, akarudi anasema shekhe amesafiri kwenda Bukoba, hajulikani atarudi lini. Na jua linapanda.

Nilikuwa nimejificha kwenye kupasua kuni. Nilipasua kuni nyingi siku ile, Twaha. Nikamsikia mke wa marehemu anasema, "Kwani kuna shida gani? Idrisa si yupo? Idrisa amehitimu."

Nikaingia. Sikuwa na pa kutokea. Ndani ya ua wa majani ya mgomba tulikuwa wawili, mimi na Mzee Yusufu, na Mzee Yusufu anaona kivuli tu, kazi yake kushika. Mwalimu amelala chali, mikono ubavuni, macho yamefumbwa. Sawasawa na siku ile. Nilingoja kidogo, nakuapia, nilingoja aseme anza.

Nikachota maji kwa kata, nikasimama. Maji yakadondoka yote miguuni kwangu, nimesimama tu.

Nje ya ua alikuwepo Ta Gosberti, yule jirani yetu, mzee wa kanisa, ambaye unamjua kwa kukupa kahawa ya kutafuna kila ukipita kwake. Yeye ndiye aliyekuwa akipitisha maji. Katika kila msiba wetu kwa miaka mingi, Mwalimu akiwa ndani anaosha, Ta Gosberti alikuwa nje ya ua na ndoo. Na Mwalimu alikuwa na tabia ya kusema kwa sauti kila anachofanya, ili anayeshika ajifunze. Aliyekuwa anajifunza ni aliye nje.

Nikamsikia kwa upande wa pili wa majani, polepole, kama mtu anayeongea na ndoo: "Shuka la kumsitiri lisitoke, kitovu mpaka goti. Halafu mwinueni kidogo, umkamue tumbo taratibu."

Nikayatazama majani ya mgomba.

"Kijana, unanisikia? Kitambaa mkononi kwanza. Usiguse kwa mkono mtupu."

Nikafanya.

"Sasa mtawadhe kama anakwenda kusali. Kichwa. Ndevu. Ubavu wa kulia kwanza, Idrisa, wa kulia. Maji haya ya mwisho yana kafuri, usiyatumie sasa."

Mzee Yusufu akauliza, "Nani huyo anayesema?"

Nikasema, "Ta Gosberti."

Mzee Yusufu akasema, "Basi msikilize."

Tukamwosha mara tatu, tukamvika sanda, na hakuna mtu mwingine aliyejua. Lakini sala huwezi kunong'onezwa na Mlutheri. Nikasimama mbele, jeneza mbele yangu, nyuma yangu safu mbili fupi, na kijiji kizima kikitazama kutoka migombani. Nikapiga takbira ya kwanza, nikasoma. Nikapiga ya pili, na mwili wangu ukafanya ulichozoea. Nikarukuu. Sala ya maiti haina rukuu, Twaha, unalijua hilo tangu una miaka minane. Nami nikainama hadharani, na safu yote nyuma ikainama, maana waliniamini.

Nilichokiona nikiwa nimeinama ni vidole vyangu vya miguu, bado vina maji ya kuoshea.

Mzee Yusufu nyuma akasema, "Subhanallah!" Akasema tena kwa nguvu, kunijulisha nimekosea. Nikasimama wima, nikamaliza zilizobaki sijui nimesoma nini. Tukazika.

Jioni Ta Gosberti alinikuta nimekaa kwenye kibanda, juu ya tairi. Akanipa kahawa ya kutafuna, akakaa. Akasema, "Wee Idrisa, leo mmempa Mwalimu rukuu ya njiani." Nikacheka na machozi yakatoka humo humo. Nikamuuliza, "Ta, wewe umeyajuaje yote yale?"

"Mimi nimebatizwa," akasema, "lakini masikio hayakuzibwa."

Wiki iliyofuata nikaenda Songambele kwa yule shekhe. Misimu miwili ya kiangazi nilikwenda kila Alhamisi. Nilianzia chini kabisa, na watoto. Mwanamume mwenye mke, namba tisa, nimekaa kwenye jamvi pamoja na kitoto kinachonyonya kidole, na kitoto kinanirekebisha! Kilikuwa kinasema, "Mjomba, hiyo siyo Jiimu, hiyo Haa. Haina nukta." Nikakipenda. Hicho hicho leo ni imamu huko Kaisho, na nikimkuta namwamkia mimi kwanza.

Nilijifunza yote. Naosha vizuri, naweza kujisifu, na safari hii ni kweli. Lakini nilijifunza kwa mtu mwingine. Namna ya Mwalimu Sudi ya kukunja sanda miguuni, ambayo Mzee Yusufu alisema ilikuwa nzuri hata maiti alionekana amelala tu, hiyo hakuna aliyeiona isipokuwa Mzee Yusufu, na macho yake hayakuwa yakimsaidia kunionyesha. Imekwenda.

Basi, turudi kwenye swali. Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa kwamba ujana unaulizwa peke yake kwa sababu magoti yanakunjika bado. Ni jibu zuri, hata mahubirini wanalitoa. Nikabadilisha, nikasema ni kwa sababu ukiwa kijana hakuna anayekulazimisha, kwa hiyo utakachokifanya ni chako kweli. Nalo zuri. Lakini mwezi uliopita, tulipokuwa tunamwandaa Mzee Yusufu mwenyewe kwa safari yake ya mwisho, nilikuambia, "Twaha, ingia unimiminie maji." Wewe ukasema, "Baba, mimi bado. Nitajifunza tu, muda upo. Nikirudi kutoka Mwanza."

Nilicheka, unakumbuka? Nikakuambia haya, kalete kuni. Ulidhani sikujali. Mwanangu, nilikuwa nimesikia maneno yangu yakitoka kwenye mdomo wenye meno mazuri kuliko yangu, nikakosa pa kushika. Sikukukasirikia, nami najua kutokukasirika kunavyoweza kumharibu mtu, ndiyo maana ninaandika.

Nilipokuwa ninamwosha Mzee Yusufu, na Ta Gosberti nje na ndoo yake, mgongo umepinda sasa, ndipo lilinijia jibu jingine. Ujana wangu haukuwa wangu peke yangu. Miaka ile ile niliyokuwa naiita ujana, Mwalimu alikuwa akiiita siku za mwisho. Ni miaka ile ile! Mimi nilikuwa na kengele mbili, yeye alikuwa na mikono inayotetemeka, na saa ilikuwa moja. Nilipokuwa nasema muda upo, nilikuwa nasema kweli kwa upande wangu. Kumbe nilikuwa nagawa na muda wa kwake. Labda ndiyo sababu umri unaulizwa, halafu ujana unaulizwa tena. Umri wako umeutumia wewe. Ujana wako kuna mtu mwingine alikuwa anaungoja.

Sijui kama ndivyo. Hakuna wa kuniambia, na pancha yangu ya bure imepotea. Linaweza kuwa jibu la mtu wa darasa la sita.

Sikuambii usicheze mpira. Cheza, funga, la kichwa kama unaweza, ingawa kichwa umerithi kwa mama yako. Sikuambii usali, hilo ninaliona mwenyewe kila alfajiri unapoamka kabla yangu na kunimwagia maji yote ya birika. Ninachotaka ni kujua. Huko kwa baba yako mdogo utakapokuwa unajifunza umeme, kwenye msikiti utakaosalia, vijana hukaa wapi kati ya magharibi na isha? Wanasema nini? Na yupo mzee gani pembeni anayefanya jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua, awe fundi wa taa, awe msomaji, hata awe Mlutheri mwenye ndoo? Mtazame mikono. Niandikie.

Na Idi utarudi. Mkeka huu wa kahawa nitakuwa nimeukung'uta. Utanikuta nimelala chali, kofia pembeni, macho nimefumba, na ndoo ya maji imekwisha kujazwa. Mgongo wangu ni mpana, utachoka, na ukinitekenya ubavuni nitacheka, nakuambia mapema. Nitasema, "Haya, nimekufa. Anza."

Huenda siku hiyo Songambele kutakuwa na mpira, na wenzako watakuwa wanapita barabarani wanapiga mbinja. Sitafumbua macho. Nitasikiliza tu miguu yako inakwenda upande gani.

Ni mimi baba yako Idrisa, mzima kabisa.